Bastola ndogo, teke kubwa: jibu kwa dada wa Kisumu

"Mwalimu, salama? Niko hapa Kisumu, nafanya biashara ya jumla, leseni ya bastola ninayo na upande huo kila kitu iko sawa. Wakati wa kununua niliambiwa mwanamke anafaa ile ndogo nyepesi ya kuingia kwa handibegi, kwa hivyo nikachukua ya 9mm inayobeba risasi 6, uzito kama gramu 500. Sasa shida ni teke. Nikifika risasi ya 20 hivi, hapa katikati ya kidole gumba na cha shahada panawaka moto, bastola inaruka juu mpaka naogopa itanigonga uso, na risasi zangu karibu zote zinaangukia chini kushoto. Mmoja ananiambia niweke springi ngumu, mwingine nitafute ya .380, mwingine ati niikamate kwa nguvu zangu zote mpaka itulie, na kuna mzee pale renji ya shabaha anasema tu mikono yangu haina nguvu. Nimeanza kuogopa kwenda mazoezi. Nisikie nani, ama niiuze?"

Dada yangu, pole kwa huo mkono, na asante kwa kueleza mpaka risasi zinaangukia wapi, manake hiyo ndio imenisaidia kuliko yote. Wewe unaona shida moja, mimi naona mbili. Kuna teke lenyewe, lile linachoma mkono na kurusha bastola juu. Halafu kuna kuliogopa hilo teke, na hiyo ndio inapeleka risasi chini kushoto. La kwanza limezaa la pili, sawa, lakini hazitibiwi na dawa moja, na ukitibu mkono peke yake utarudi nyumbani bila maumivu na matundu bado yako palepale chini kushoto.

Wacha nianze na huyo mzee. Sikubaliani naye kabisa na naomba maneno yake usiyabebe tena ukienda renji. Hakuna mkono wa mtu, awe mwanaume ama mwanamke, unaozuia bastola kurudi nyuma. Nguvu inasaidia kiasi, siwezi kukudanganya, lakini mahali mkono umeshika ni muhimu kuliko nguvu zake. Nimeona wanaume wa miili mikubwa wakipewa bastola ya saizi yako wanakunja uso kwa risasi chache tu, na nimeona akina mama wembamba wanamaliza magazini, kile kibebeo cha risasi, moja baada ya nyingine bila shida yoyote kwa vile wameshika panapofaa.

Na yule aliyekwambia mwanamke anafaa ndogo, hata kama nia yake ilikuwa safi, alikupeleka njia mbaya. Bastola ndogo ni rahisi kubeba na ngumu kupiga. Ilitengenezwa kwa mtu ambaye tayari anajua kupiga na anataka kitu cha kukaa nacho siku nzima bila kuonekana. Mtu anayeanza akipewa hiyo anafundishwa uoga kabla hajafundishwa shabaha, na mwanamke akipewa hiyo kwa sababu tu ni mwanamke inaniuma sana, kwa sababu baadaye anaambiwa shida ni yeye.

Sasa tuelewane hili teke linatoka wapi. Risasi ya kawaida ya 9mm ina kichwa cha gramu kama 7.5, ndio ile sanduku limeandikwa 115, hiyo namba ni uzito kwa greni, kipimo kidogo kuliko gramu. Kwa bastola fupi kinatoka na mwendo wa kama mita 320 ama 340 kwa sekunde, na nyuma yake kuna baruti, haifiki hata nusu gramu, imegeuka gesi moto na inatoka kwa kasi kuliko hicho kichwa chenyewe. Vyote viwili vikienda mbele, bastola lazima irudi nyuma kwa kiasi kilekile, hakuna namna. Wewe uko Kisumu, umeona pale ufuoni Dunga mtu akiruka kutoka kwa mtumbwi, mtumbwi mdogo unateleza nyuma sana, lakini boti kubwa hata huoni ikisonga, na mtu aliyeruka ni yuleyule. Kwa hivyo risasi ni ileile, kinachobadilika ni uzito wa kile kinachosukumwa.

Ukipiga hesabu ya karibu, bastola ya chuma kama CZ 75, ambayo hapa Kenya tunaita Ceska tu, ni kilo moja hivi, na kwa hiyo risasi inarudi nyuma kwa karibu mita 3 kwa sekunde. Yako ya nusu kilo inarudi kwa karibu mita 6. Nishati inayofika mkononi ni kama jouli 4 kwa ile nzito na kama 8 kwa yako. Yaani uzito umepungua nusu, teke limekuwa mara mbili, na hapo hatujaongea habari ya mikono ya nani. Na kuna kitu wengi hawaangalii, risasi moja nzima na ganda lake ni kama gramu 12, ukijaza 6 umeongeza gramu zaidi ya 70 kwa bastola ya 500, kwa hivyo ile risasi ya mwisho kweli inapiga teke kali kuliko ya kwanza, si mawazo yako.

Hizo jouli huwezi kuzifuta. Lakini mkono hausikii jouli, mkono unasikia zimepita kwa eneo kubwa kiasi gani, kwa muda gani, na zimeelekea wapi. Mshikio wa bastola yako ni mwembamba, kwa hivyo nguvu yote inapita kwa kipande kidogo cha nyama, ndio maana panawaka moto hapo hapo tu. Tena mtutu uko juu ya mkono wako, si usawa wake, kwa hivyo bastola haisukumi nyuma peke yake, inazunguka, mdomo wa mtutu unapanda. Kadiri mkono ulivyo chini ya mtutu ndivyo inavyopata uwezo wa kuzunguka. Haya mambo mawili, eneo na huo urefu kati ya mkono na mtutu, ndio yako kwa uwezo wako na hapo ndipo kazi yetu iko.

Kabla ya mkono nimalize na washauri wako. Springi ngumu usiweke. Springi haiondoi teke, inabadilisha tu vile linagawanywa wakati slaidi, kile chuma cha juu ya bastola, inaenda na kurudi. Waliotengeneza bastola walipima springi na uzito wa slaidi na aina ya risasi vikaenda pamoja, ukiweka ngumu zaidi slaidi inaweza kukosa kufika mwisho wa safari yake, ganda linakwama, risasi mpya haiingii, na ikirudi mbele inarudi kwa kishindo mdomo unainama. Kwa bastola ya kujilinda hiyo ni hasara kubwa kwa faida ambayo pengine hutaisikia. Kitu moja tu, springi zinachoka, na kwa bastola ndogo zinachoka haraka kuliko kwa kubwa, kwa hivyo kama hii ulinunua ikiwa imetumika, peleka kwa dila, muuzaji wa silaha, mwenye leseni aangalie na kama imechoka aweke mpya ya aina ileile ya kiwanda.

.380 nayo, hiyo ni saizi nyingine ya risasi, watu wanasema ni laini kwa sababu risasi ni ndogo. Risasi kweli ni dhaifu, kichwa cha gramu kama 6 na mwendo mdogo. Lakini mara nyingi inauzwa ndani ya bastola ndogo kuliko hata yako, kuna kama Ruger LCP ambayo haifiki gramu 300 ikiwa tupu, na hapo ile faida yote ya risasi dhaifu imeliwa na wepesi. Zingine za .380 za zamani kama Walther PPK hazina mtutu wa kujifunga na slaidi, ni uzito wa slaidi na springi tu ndio vinashikilia, na hizo watu wengi wanasema zinapiga teke la ghafla, kali, hata kama ni za chuma. Ukipata .380 yenye uzito kama wa hii yako, mtutu wa kujifunga, mshikio wa kujaza mkono, hiyo ndio itakuwa laini kweli. Kwa hivyo usinunue namba, nunua bastola nzima.

Na yule wa kukamata kwa nguvu zote amekaribia ukweli lakini ameukosa. Ukikamata mpaka mikono inatetemeka, mdomo wa bastola unatetemeka pia, kidole cha triga, kile cha kufyatulia, kinakuwa kigumu kama vingine, na ukikivuta mkono wote unakunjika nacho. Upande wa pili, ukishika legelege ni mbaya zaidi, kwa sababu slaidi inahitaji kitu imara nyuma yake ndio irudi yenyewe peke yake, mkono ukiteleza nayo inakosa nguvu na risasi zinakwama, na bastola nyepesi ndizo zinaathirika zaidi. Jaribu hivi ikiwa tupu: kaza mpaka uone mdomo unaanza kutetemeka, halafu legeza kidogo mpaka utulie. Hapo ndio pako.

Sasa mkono, na hapa nitakaa kidogo.

Angalia nyuma ya mshikio, juu kabisa, chini tu ya slaidi, kuna sehemu imepinda kuingia ndani. Ile nyama yako ya katikati ya gumba na kidole cha shahada inatakiwa iingie hapo mpaka isibaki nafasi yoyote. Nikisoma maumivu yako yako wapi, nina uhakika mkubwa unashika chini kuliko hapo, pengine kwa sentimita moja ama mbili, kwa vile watu wengi wanaogopa slaidi. Ukiacha nafasi, bastola inachukua mbio kwanza halafu ndio inagonga, badala ya kusukuma mkono ambao tayari umeikumbatia. Na kwa kuwa umeshika chini, inapata urefu wa kuzunguka, ndio ile kuruka unaniambia. Panda juu mpaka mwisho, lakini nyama isipite juu ya hiyo sehemu iliyopinda, ikipita slaidi itakukata.

Halafu hakikisha mtutu umelala mstari mmoja na mfupa wa mkono kutoka kwa kiwiko. Kuna watu wakitaka kidole kifike vizuri kwa triga wanazungusha bastola kidogo kwa kiganja, teke linaishia kwa kifundo cha gumba badala ya kupita kwa mkono mzima mpaka bega. Mtu wa namna hiyo anaumwa na gumba hata siku mbili baadaye. Kama ndio wewe, umepata sababu nyingine.

Mkono wa kushoto ndio watu wengi wanaudharau na ndio wenye dawa. Ukishika kwa kulia utaona upande wa kushoto wa mshikio kuna sehemu imebaki wazi, kati ya ncha za vidole na kile kinyama cha chini ya gumba. Hapo ndio panajazwa na kiganja cha kushoto, nyama kwa plastiki, si kuweka tu mkono chini kama unashika sahani. Elekeza kifundo cha kushoto mbele na chini, vidole vinne vizungukie vile vya kulia, cha shahada cha kushoto kikandamizwe chini ya kile kikingio cha triga, na magumba yote mawili yaelekee mbele upande mmoja wa kushoto. Ukifanya hivyo umezunguka bastola pande zote, eneo la nguvu limekuwa kubwa, na kifundo cha kushoto kimefungwa kuzuia mdomo kupanda. Kushoto ndio ukaze zaidi, kulia iwe imara tu kama unasalimiana na mtu unayemheshimu, kwa sababu kulia kuna kidole kinachotakiwa kusogea peke yake.

Tafadhali sana, gumba la kushoto lisipite nyuma ya slaidi likaja juu ya mkono wa kulia. Filamu zinaonyesha hivyo. Slaidi ikirudi inapasua hiyo ngozi vibaya, na mtu akishakatwa mara moja huo uoga kumtoka ni kazi.

Kidole cha mwisho nacho. Kwa bastola ya risasi 6 kidole kidogo kinaning'inia hewani, na hicho kinachangia sana kwa kushika. Tafuta magazini yenye kitako kirefu cha kuwekea hicho kidole, dila anaweza kukuagizia, ama ukikosa, kikunje chini ya magazini kiguse. Kwa maoni yangu pesa ya kwanza ya kutumia kwa bastola yako ni hiyo ya kitako kirefu, kabla ya kitu kingine chochote. Ya pili ni mpira wa kuvalisha mshikio ama ile tepu ya kukwaruza, bei yake ni ndogo. Mpira unaongeza unene kidogo, teke linasambaa, mkono hautelezi na jasho, na Kisumu jasho ni jambo la kila siku. Ubaya wake ni kwamba unanata kwa nguo ukibeba ndani ya blauzi, na bastola inakuwa nene kidogo kwa mkono mdogo, kwa hivyo vaa kwanza uone kidole bado kinafika kwa triga vizuri.

Mwili uweke hivi: miguu upana wa mabega, wa kushoto mbele kidogo, mabega mbele ya nyonga, usiegemee nyuma. Karibu kila mtu anayeogopa bastola anaegemea nyuma bila kujua, na ukiegemea nyuma unaipa ruhusa ikusukume. Viwiko visiwe vimenyooka mpaka vikafunga, acha vikunjike kidogo.

Hapo tumemaliza na teke. Sasa hiyo chini kushoto.

Fikiria kidogo hili jambo. Bastola ikipiga inaruka juu. Risasi zako zinaenda chini. Kama teke ndilo lingekuwa linaharibu shabaha, si zingeenda juu? Kichwa cha risasi kinamaliza mtutu mfupi kama wako kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mwanadamu akishtuka, mpaka mkono usonge ni kama sehemu mbili za kumi za sekunde, mamia ya mara zaidi. Maana yake ni kwamba mkono wako hauwezi kushindana na teke baada ya mlio, risasi imeshafika kwa karatasi zamani. Kwa hivyo kile kilichosukuma mdomo chini kilitokea kabla. Akili yako inajua teke linakuja, inasukuma mbele na chini kulipokea mapema, vidole vyote vya kulia vinajikaza pamoja na cha triga, na kwa mtu wa mkono wa kulia hiyo inapeleka chini kushoto. Ni mwili kujilinda, kila mtu anao, hata wanaopiga miaka mingi unawarudia wakikaa bila mazoezi. Si udhaifu na haina aibu.

Kuujua ni rahisi. Nunua risasi bandia za mazoezi, zile hazina baruti, mwambie mwalimu wako akujazie magazini akichanganya bandia na za kweli bila wewe kuona. Ukifika kwa bandia bastola haitalia, lakini utaona mdomo umeinama peke yake, wazi kabisa. Watu wengi hawaamini mpaka waone. Ikitokea, usikasirike. Hiyo bandia itoe kwa utaratibu uliofundishwa, mdomo ukielekea shabaha, lenga tena, vuta triga polepole, endelea kuongeza uzito kidogo kidogo bila kuamua sasa hivi inalia. Mlio uje wenyewe. Mazoezi haya ya kuchanganya ndio dawa nzuri kuliko zote ninazojua, na ni ya bei ya chini kwa sababu risasi za kweli unatumia chache.

Nyumbani fanya mazoezi ya kufyatua tupu. Risasi zote zitoke kwa hicho chumba, nimesema zitoke kwa chumba si kwa bastola peke yake, magazini itoke, angalia chemba, pale risasi inakaa tayari kupigwa, kwa macho na kwa kidole, angalia tena, elekeza kwa ukuta imara usio na mtu upande wa pili, watoto wasiwe karibu. Halafu lenga, vuta triga, angalia kama mdomo umesonga. Kwa bastola za aina ya Glock lazima uvute slaidi nyuma kidogo kila mara ndio triga irudi. Dakika chache kwa siku zinatosha, ukichoka acha, na ukimaliza umemaliza, usijaze risasi halafu ukumbuke kuvuta mara moja ya mwisho, hapo ndipo watu wametoboa televisheni zao na mbaya zaidi.

Masikio sasa, na hapa nakusihi. Sehemu kubwa ya kile watu wanaita teke ni kelele na mmweko. Mlio wa bastola unapita desibeli 150, na kelele ya ghafla ikipita 140 tayari inaweza kuumiza sikio moja kwa moja. Mtutu mfupi unatoa gesi ikiwa bado na nguvu nyingi, kwa hivyo yako inalia kali kuliko kubwa ya risasi ileile, na kama renji ina paa ama kuta karibu ile sauti inarudi kwako. Vaa plagi ndani ya sikio na vifuniko vikubwa juu yake, vyote viwili kwa pamoja. Nimeona watu wakiongeza hicho kitu kimoja tu na kushtuka kunapungua siku hiyohiyo, wanaapa bastola imekuwa laini. Na miwani ya kinga usivue, maganda ya moto yanaruka popote.

Kuhusu risasi zenyewe, soma sanduku. 115, 124 na 147 ni uzito wa kichwa. Ile ya 147 inaenda polepole, jumla ya msukumo haipishani sana na 115, lakini watu wengi wanaisikia kama inasukuma na 115 kama inachapa. Wengine hawaoni tofauti. Jaribu sanduku moja kama dila wako anayo, ukiona inakufaa hakikisha pia haikwami kwa bastola yako, manake ndogo zinachagua. Kitu cha kukwepa ni sanduku lenye alama ya +P, hizo zimejazwa presha zaidi ya kawaida, kwa bastola nyepesi ni kujitesa. Hata hapo karibu nanyi Eldoret kiwanda cha serikali cha Kenya Ordnance Factories kinatengeneza risasi za 9mm, kwa hivyo hii saizi haipotei sokoni kama zile ngeni, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokimbilia .380 haraka.

Glavu zenye sponji laini kwa kiganja zinasaidia mazoezi marefu na sina ubaya nazo, ila fanya sehemu ya mazoezi bila glavu, kwa sababu siku ya shida hutakuwa umevaa. Vile vifaa vya kufunga mdomoni vya kuelekeza gesi juu siwezi kukushauri, vinaongeza kelele na urefu, vingine vinaleta kukwama, na chochote kinachobadilisha silaha yako kwanza uliza dila mwenye leseni na uliza Bodi ya Leseni za Silaha, usifungiwe na fundi wa mtaani.

Na idadi. Risasi 20 mkono unawaka, basi simama kwa 15. Mkono ukishauma kila risasi inayofuata inakufundisha kuogopa. Piga chache, pumzika, rudia wiki inayofuata. Kuna fahari fulani pale renji ya kumaliza sanduku zima la 50, hiyo achia wengine.

Kuuza ama kutouza? Mimi ningekuwa wewe nisingeuza sasa. Rekebisha mshiko, weka kitako kirefu cha magazini, vaa zile kinga mbili za masikio, fanya zile za bandia kwa miezi miwili mitatu. Ukiona mambo yamebadilika, baki nayo kwa sababu kubeba unaweza. Kama baada ya hapo bado hutaki kuigusa, badilisha bila kujilaumu, kwa sababu bastola ambayo mtu hafanyi nayo mazoezi ni hatari kwake na kwa wengine. Ya saizi ya kati kama Glock 19, gramu kama 670 na magazini tupu, mshikio wa vidole vyote, ni tofauti kubwa sana, utashangaa. Ubaya ni kwamba haitaingia kwa kila handibegi. Na nikiwa hapo, sipendi bastola kwa handibegi, begi linaporwa, linasahauliwa kwa kiti cha matatu, mtoto analifungua akitafuta peremende. Kama lazima, iwe na mfuko wake peke yake, ndani ya ala ngumu inayofunika triga, na begi lisitoke mwilini mwako. Kubadilisha bastola lazima kupitie Bodi na dila, haiwezekani mbadilishane tu na mtu mnayejuana, wala usichukue ya rafiki ukaenda nayo nyumbani kujaribu. Uliza renji yako kama wana njia halali ya kukuruhusu upige nyingine chini ya msimamizi kabla hujatoa pesa.

Kuna mambo maandishi hayawezi. Mshiko unaonwa na macho ya mtu aliyesimama kando yako, kwa hivyo tafuta mwalimu anayetambulika, saa moja yako na yeye peke yenu, si darasa la watu 10, na mwambie mapema kwamba unataka aangalie mikono na mdomo wa bastola, si karatasi. Kama anaanza kwa kucheka ama kukwambia habari ya nguvu za wanawake, tafuta mwingine. Ukiweza muombe mtu akurekodi video kwa simu kutoka upande wa kushoto, ukiirudia polepole utaona kama kuna nafasi nyuma ya mkono.

Na mkono wenyewe: kuchoka na wekundu vinavyoisha kesho yake ni kawaida. Lakini ukianza kusikia ganzi ama kuchomwa sindano kwa gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, ama maumivu chini ya gumba ukigeuza ufunguo au kuinua sufuria, ama kifundo kimevimba zaidi ya siku mbili tatu, acha kupiga na umuone daktari, umweleze wazi unapiga bastola ili ajue aangalie wapi. Ukiendelea kupiga juu ya mshipa uliobanwa unaweza kupata shida ya kukaa miezi. Na masikio yakilia kama mbu kesho yake bado, ama sauti zimekuwa kama ziko mbali, usingoje yapoe yenyewe, nenda hata pale hospitali ya Jaramogi, ile mnaita Russia, wakupime, na mpaka wakupe jibu usiguse renji.